Babu Mcha Mungu na Jirani Mwenye Deni: Somo la Kujenga Wahusika Katika Hadithi Fupi





Katika darasa letu la toleo hili nataka tujifunze jambo ambalo wengi wetu tunalihitaji, ama kwa kuwa tunasoma fasihi, ama kwa kuwa tunaliandikia jarida hili hadithi. Jambo lenyewe ni hili: mwandishi wa hadithi fupi hufanya nini hata mtu aliyembuni akawa na uzito wa mtu tunayemjua? Riwaya ina kurasa mia tatu za kumlea mhusika wake. Hadithi fupi ina kurasa tano, sita, au kumi. Hakuna nafasi ya kusimulia utoto, ndoa na uzee. Hata hivyo zipo hadithi fupi ambazo ukizimaliza unabaki unabishana na mhusika wake kana kwamba ni mjomba wako.

Badala ya kuzungumza kwa ujumla, tutachukua hadithi moja tuichambue. Nimechagua "Hafnat Tamr" ya Tayeb Salih, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Konzi ya Tende", yaani tende za kujaa kiganja. Tayeb Salih alizaliwa Sudan ya kaskazini mwaka 1929 na kufariki London mwaka 2009. Alifanya kazi kwa miaka mingi katika idhaa ya Kiarabu ya BBC, na anajulikana zaidi kwa riwaya yake ya mwaka 1966 kuhusu msimu wa kuhamia kaskazini. Hadithi hii fupi ina kijiji cha Waislamu, msikiti, mtoto anayehifadhi Qur'ani, na Mto Nile, mto ule ule ambao sisi wa Uganda tunauona ukitoka ziwani pale Jinja. Hatuhitaji kusafiri mbali ili kuielewa.

Kwanza: je, Mwislamu ana haja gani na hadithi za kubuni?

Swali hili huulizwa sana katika halaqa zetu, na linastahili jibu la heshima. Wapo wenzetu wanaosema kwamba hadithi ya kubuni ni uongo, na muda wa kijana ni amana.

Tuanze na kutenganisha. Visa vya Qur'ani si hadithi za kubuni. Ni haki, na hatuvichanganyi na utungo wa mwanadamu. Lakini kubuni kisa ambacho msomaji anajua kuwa kimebuniwa si sawa na kumdanganya mtu. Mwongo anataka uamini kuwa jambo limetokea. Mtunzi anataka ulitazame jambo ambalo hutokea.

Wanavyuoni wetu waliijua tofauti hii. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga maqama 50 zenye msimulizi wa kubuni, al-Harith bin Hammam, na mjanja wa kubuni, Abu Zayd wa Saruj. Katika maqama ya kwanza Abu Zayd anawahutubia watu wa San'a kuhusu mauti na Akhera mpaka wanalia na kumpa fedha. Kisha msimulizi anamfuata hadi pangoni, anamkuta ameketi na mwanafunzi wake mbele ya nyama ya kuchoma na kinywaji cha kulevya. Kitabu hicho kilisomwa, kikahifadhiwa na kuandikiwa sherehe na watu wa elimu kwa karne nyingi. Waliona ndani yake lugha, na waliona pia mwanadamu.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba kila hadithi inafaa. Hoja yangu ni kwamba hadithi nzuri hutufundisha kumtazama mtu bila haraka, na hilo ni jambo ambalo dini yetu inalitaka tunapoonywa juu ya dhana mbaya.

Pili: mhusika bapa na mhusika duara

Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza E. M. Forster, katika kitabu chake Aspects of the Novel, aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo leo katika fasihi ya Kiswahili tunayaita wahusika bapa na wahusika duara. Mhusika bapa ana sifa moja, na unaweza kumweleza kwa sentensi moja: huyu ni bahili, huyu ni mlevi, huyu ni mcha Mungu. Mhusika duara ana pande zaidi ya moja, na anaweza kukushangaza, lakini ukishashangaa unakubali kwamba ndivyo alivyo.

Tusidhani kwamba mhusika bapa ni kosa. Kila hadithi inamhitaji mwenye duka anayepima sukari na kutoweka. Tatizo linakuja pale mhusika mkuu, yule aliyebeba hadithi, anapokuwa bapa. Hapo hadithi inakuwa tangazo.

Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu tuna njia yetu ya kulielewa hili. Tunajifunza kwamba nafsi ina hali zake: ile inayoamrisha maovu, ile inayojilaumu, na ile iliyotulia. Mtu hapangi chumba katika hali moja akaishi humo maisha yake yote. Mhusika duara ni mtu ambaye mwandishi amekubali kwamba ana nafsi.

Tatu: kisa chenyewe kwa ufupi

Msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka alipokuwa mtoto mdogo. Aliupenda msikiti, tofauti na watoto wenzake, kwa sababu alihifadhi upesi, na shekhe alikuwa akimwinua kusoma Surat Rahman kila wageni walipokuja. Aliupenda pia mto. Zaidi ya vyote alimpenda babu yake, mzee mrefu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe. Mtoto alijua lini babu anataka kicheko na lini anataka kimya. Alikumbuka nyakati za sala zake, akamletea mkeka na kumjazia chombo cha udhu kabla hajaombwa. Babu akipumzika, mtoto alimsomea Qur'ani, na aliona usoni mwake kwamba imemgusa.

Siku moja mtoto anauliza kwa nini babu hampendi jirani yao Masood. Babu anajibu kwamba Masood ni mvivu. Kisha anamwonyesha shamba, feddani mia moja, zaidi kidogo ya ekari 100, kutoka ukingo wa jangwa hadi ukingo wa Nile. Lote alilirithi Masood kutoka kwa baba yake. Babu alipoingia kijijini hapo hakuwa na hata feddani moja. Sasa theluthi mbili ni zake, na anatumaini kununua theluthi iliyobaki kabla Mwenyezi Mungu hajamwita. Kwa nini Masood aliuza? Kwa sababu ya wanawake. Kila alipooa aliuza kipande.

Kisha Masood mwenyewe anakuja kuwaita kwenye mavuno ya tende. Tende zinaangushwa, zinajazwa magunia 30. Hussein mfanyabiashara anachukua 10. Watu wawili wageni wanachukua matano matano. Mousa, mwenye shamba la jirani, anachukua matano. Babu anachukua matano. Masood hapati kitu, na babu anamkumbusha kwamba deni lake bado halijaisha. Mtoto anamkimbia babu anayemwita, anafika ukingoni mwa mto, anaingiza kidole kooni na kuzitapika tende alizokula.

Basi. Hicho ndicho kisa chote. Sasa tutazame kazi ya mwandishi.

Nne: njia sita alizotumia

1. Kumpa mhusika mambo mawili ya kweli yanayovutana.

Mwandishi mvivu angemfanya babu kuwa mnafiki. Angetuambia kwamba sala zake zilikuwa za kujionyesha. Tayeb Salih hakufanya hivyo. Sala za babu ni sala. Kuguswa kwake na Qur'ani ni kuguswa kweli, na mtoto anayemjua vizuri ndiye shahidi wetu. Mapenzi yake kwa mjukuu ni ya kweli pia. Na njaa yake ya ardhi ya jirani ni ya kweli. Mambo haya yanakaa katika kifua kimoja na mwandishi hayapatanishi. Ndiyo maana babu anatutia hofu: tukimwita mnafiki tungemweka mbali nasi, lakini yeye ni mtu wa safu ya mbele, kama wazee tunaowapenda, na kama tutakavyokuwa sisi.

2. Kumnyima mdhulumiwa utakatifu.

Masood angeweza kuchorwa kama yatima asiye na hatia. Hapana. Alirithi mali nyingi, akaitawanya kwa kuoa na kuoa tena. Mtoto anapiga hesabu kichwani kwa idadi ya feddani zilizouzwa, anapata wake kama 90, kisha anakumbuka kwamba anaowajua ni watatu. Hesabu hii inachekesha, na hapo hapo inatuonyesha kwamba maelezo ya babu hayatoshi. Masood ana makosa, lakini makosa yake hayajibu swali la nini babu alifanya na makosa hayo.

3. Kuchagua jicho la kusimulia.

Lau hadithi ingesimuliwa na babu, tungesikia habari za mchapakazi aliyeanza na mikono mitupu. Lau ingesimuliwa na Masood, tungesikia malalamiko. Mwandishi amempa kazi mtoto anayempenda babu. Kila tunachokijua kibaya kuhusu babu kimepita kwenye macho yanayotaka kumwona mwema. Ushahidi wa mpenzi una uzito kuliko wa adui. Hata katika elimu ya hadithi tunajua kwamba anayesema jambo linalomuumiza mwenyewe husikilizwa kwa namna nyingine.

Tena mtoto haelewi biashara. Anaona magunia, anaona nani amechukua, haelewi rehani wala deni. Kwa kuwa yeye haelewi, sisi tunalazimika kuelewa kwa niaba yake.

4. Kusema kwa vitu na vitendo vidogo.

Hebu angalieni mikono. Tende zinapokusanywa, wakubwa wanazikagua, wengine wanakula moja mbili. Babu anampa mtoto konzi, naye anatafuna. Masood anajaza viganja vyote viwili, anazisogeza puani, kisha anazirudisha. Mwandishi hatuambii kwamba Masood ana huzuni. Anatuonyesha mtu anayenusa kilichokuwa chake. Kabla ya hapo Masood amemwonya kijana aliye juu ya mti asiukate moyo wa mtende. Hakuna mwingine aliyejali. Na mtoto anakumbuka kwamba Masood aliwahi kumwambia mitende huhisi furaha na maumivu kama watu.

Angalieni tena punda kilema, tandiko bovu na kanzu yenye mikono iliyochanika. Angalieni babu aliyewekewa kigoda kilichofunikwa ngozi, kisha anasinzia wakati mali ya mwenzake inaangushwa chini. Vitu vitano sita, na tumeshawajua watu wawili.

5. Kuwaweka wawili waangaliane.

Katika uhakiki wa Kiswahili tunamwita mhusika foili yule anayesaidia kumwonyesha mwingine. Masood ana sauti nzuri ya kuimba na kicheko kinachofanana na maji yanayobubujika. Babu hacheki kamwe. Hilo ni jambo dogo tu, lakini linatokea pale pale ambapo babu ameeleza mpango wa kununua theluthi iliyobaki, na mtoto anaingiwa na hofu kwa ajili ya babu na huruma kwa ajili ya jirani. Tofauti ya kicheko inabeba tofauti ya nafsi: mmoja amepoteza ardhi na amebaki na furaha, mwingine anapata ardhi na hana furaha ya kutoa.

6. Kumfanya mhusika abadilike kwa tukio moja, bila hotuba.

Aliyebadilika katika hadithi hii si babu wala Masood. Ni mtoto. Asubuhi alikuwa kipenzi cha babu, jioni anakimbia na anahisi kwamba anamchukia. Mwandishi hakumpa mtoto maneno ya kumlaumu mtu. Amempa mwili wake: kifua kinauma, mkono unanyooka kuelekea kwa Masood kana kwamba unataka kugusa nguo yake, miguu inakimbia, kidole kinaingia kooni.

Hadithi fupi haina nafasi ya mabadiliko ya miaka kumi. Ina nafasi ya saa moja ambayo baada yake mtu hawezi kurudi alikokuwa.

Tano: yale ambayo msomaji Mwislamu anayasikia

Hapa ndipo nadhani sisi tuna kitu cha ziada, na ni hasara kutokitumia.

Kwanza, sura ambayo mtoto husoma mbele ya wageni ni Surat Rahman. Anayeijua sura hiyo anakumbuka kwamba mwanzoni mwake kabisa inataja mizani na kuamrisha upimaji wa haki bila kupunguza, na aya chache baadaye inataja mitende yenye mafumba. Mizani na mitende. Mtoto ameihifadhi mpaka wageni wanampapasa kichwa, na babu huguswa na kisomo chake. Kisha siku ya mavuno watu wale wale wanasimama chini ya mitende na kugawana. Mwandishi hasemi lolote juu ya uhusiano huo. Ametaja jina la sura tu, na kumwachia aliyehifadhi.

Pili, tunajua hadithi mashuhuri ambayo Mtume, rehema na amani zimfikie, alieleza kwamba Jibril aliendelea kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani atamfanya kuwa mrithi. Katika hadithi hii jirani amekuwa mrithi kwelikweli, ila kwa njia ya kinyume: anamrithi jirani yake angali hai.

Tatu, kutapika. Katika Sahih al-Bukhari imo habari ya Abu Bakr Siddiq, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliyekula chakula alicholetewa na mtumishi wake, kisha akaambiwa kwamba kimetokana na malipo ya ukuhani wa zama za jahiliya. Aliingiza mkono kinywani na kutapika chote. Sisemi kwamba Tayeb Salih alikusudia kuirejelea habari hiyo. Nia yake anaijua Mola wake. Ninasema kwamba msomaji aliyelelewa na habari hiyo hawezi kusoma mwisho wa hadithi bila kuisikia. Mtoto asiyejua fiqhi amefanya kitendo cha Siddiq, na mzee anayejua sala amebaki na magunia yake matano.

Lakini tusikimbilie hukumu. Tukimweka babu mbele ya kadhi, kesi itakuwa ngumu. Uuzaji wa ardhi kwa ridhaa ni halali. Deni ni haki ya mwenye kudai. Mwandishi hakutuonyesha hila wala wizi. Pengine kadhi angemwachia aende zake. Hapa ndipo tunapokumbuka kwamba Qur'ani katika Surat Baqara, aya ya 280, inamtaka mwenye kudai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na inaeleza kwamba kusamehe ni bora zaidi. Babu yumo ndani ya mipaka ya mkataba, na yuko nje ya ihsani. Sehemu hiyo katikati, baina ya lile ambalo mahakama haliwezi kulishika na lile ambalo moyo unalijua, ndipo wahusika wazuri huishi.

Kwetu hapa jambo hili si geni. Ni familia ngapi zimeuza kipande cha shamba ili kulipa karo, matibabu au mahari, na mnunuzi ni yule yule kila mara, mtu mwema, mtu wa msikitini, anayesubiri kwa subira msimu ujao wa shida? Hakuiba. Lakini watoto wanaona.

Sita: tuandikeje sisi?

Nikisoma hadithi nyingi tunazoandika katika majarida ya wanafunzi wa Kiislamu, naona nia njema na wahusika bapa. Kuna binti wa hijabu asiyewahi kukosea, kuna kijana aliyeacha sala akagongwa na gari, kuna rafiki mbaya ambaye ni mbaya tangu mstari wa kwanza. Msomaji anajua mwisho kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Aliyeacha sala akisoma, hajioni humo, kwa sababu yeye si yule kijana. Yeye anampenda mama yake na husaidia wenzake hesabu. Basi nasaha haimfikii.

Natoa mfano niliobuni mwenyewe, usio na mtu nyuma yake. Hii ni namna ya kwanza:

Haruna alikuwa mweka hazina wa wanafunzi wenzake. Alikuwa mlafi na mnafiki. Alikula fedha za futari. Siku moja alifichuliwa, akaaibika mbele ya watu.

Na hii ni namna ya pili:

Haruna ndiye aliyepita mlango hadi mlango kutuamsha Alfajiri, akigonga kwa ncha ya kidole ili asiwaudhi wasiokuwa Waislamu. Mwezi ule mama yake alipolazwa, daftari la michango lilihama kutoka mezani likawa chini ya mto wake. Tulipomuuliza habari ya fedha za futari alitabasamu, akasema zipo. Kesho yake alipita tena kuamsha watu, mlango mmoja baada ya mwingine. Wangu hakuugonga.

Katika namna ya pili sijasema kwamba Haruna ni mwizi. Sijui hata kama amezila zote. Lakini tumepata jambo jema ambalo ni la kweli, sababu ambayo si udhuru, kitu kimoja kilichohama mahali pake, na kitendo kimoja kinachoonyesha kwamba nafsi yake inajilaumu. Msomaji mwenye daftari la watu chini ya mto wake atajitambua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dada yangu, ukikaa kuandika, jiulize maswali haya:

Mhusika wangu mbaya anapenda nini kwa dhati?
Mhusika wangu mwema anataka nini ambacho hawezi kukisema hadharani?
Ni nani anayesimulia, na anampenda au anamchukia anayemsimulia?
Ni kitu gani kimoja, cha kushikika, kitakachosema badala yangu?
Ni tukio lipi la saa moja litakalomfanya asirudi alikokuwa?
Je, nimemwachia msomaji kazi, au nimemhukumia kila kitu?

Na liko sharti moja la adabu. Usimchukue mwenzako wa chumba, ukambadili jina tu, ukamwanika jaridani. Kila mtu atamjua, na hiyo itakuwa ghiba iliyopigwa chapa. Chukua hali, usichukue mtu. Changanya watu watatu, ongeza sehemu yako mwenyewe, hasa ile usiyoipenda.

Saba: maswali ya halaqa

Napendekeza tuisome hadithi hii kwa pamoja, inapatikana kwa Kiarabu na kwa tafsiri ya Kiingereza ya Denys Johnson-Davies, na inasomeka kwa kikao kimoja. Baada ya kuisoma tujadili:

Je, babu alijua anachokifanya, au alikuwa amejizoesha kutojua?
Kwa nini mwandishi hakuwapa wake wa Masood hata neno moja, na hadithi ingekuwaje lau mmoja wao angeisimulia?
Mtoto alirudi nyumbani jioni ile, kwa kuwa hana pa kwenda. Alimletea babu maji ya udhu?

Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu hadithi hailijibu na sisi tunalazimika kulijibu kila siku. Wengi wetu tumesomeshwa na wazee wenye mambo mawili yanayovutana vifuani mwao. Karo zetu zimetoka mifukoni mwao. Heshima yao ni wajibu juu yetu, na ukweli pia ni wajibu juu yetu. Mtu anayefikiri kwa wahusika bapa atachagua kimoja: ama atamtukuza mzee mpaka afumbe macho, ama atamkana. Mtu aliyejifunza kumwona mwanadamu kwa pande zake zote anaweza kumtengea babu maji ya udhu, na asubuhi akamwambia kwa upole habari za jirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya uadilifu, kalamu zenye huruma, na chakula cha halali matumboni mwetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.